Gauni Lisilo na Mfuko

Jumanne, 2 Aprili

Pasaka imekwisha. Koti refu jeusi lililonisitiri tangu Oktoba nimelitia kabatini, na leo dunia nzima imeona nilichokuwa nikivaa chini yake. Aibu!

Kikao cha asubuhi. Nimesimama kuwaonyesha wenzangu nyumba za wiki hii, nimegeuka ubaoni. Mara Joakim, dalali mwenzangu, akakohoa. Kumbe nyuma ya sketi nina kiganja cha jemu, vidole vyote vitano, cha mwanangu Brage. Joakim eti, "Huo si uchafu jamani, huo ni muhuri wa serikali." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ungefanyaje?

Vibeke hakucheka. Bosi wetu huyu hachekagi kabla ya chakula cha mchana. Suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Viatu virefu, ko ko ko, tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyewahi kuona miguu yake bila viatu.

Kaniita ofisini baadaye. Kasema kuanzia Mei, nyumba za Fjellsiden, zile za mlimani juu ya mji, zitashikwa na dalali mmoja tu: mimi au Joakim. Atakayebaki atahamia tawi la Åsane. "Watu wa mlimani wanamtazama dalali kabla hawajatazama nyumba," kasema. "Jitahidi uonekane umetoka nyumbani, siyo umetoka vitani."

Åsane! Ng'ambo ya handaki, foleni kila jioni. Chekechea inafungwa saa kumi na nusu, hawangoji mtu. Mume wangu Trygve akiwa kazini baharini nani atachukua watoto? Nikipelekwa Åsane itabidi niombe nusu kazi, au niache. Na mimi kazi hii naipenda. Napenda kufungua mlango wa nyumba ya mtu na kuwaona wengine wakianza kupanga kitanda chao humo kichwani.

Kwa hiyo natafuta nguo. Ndiyo, maisha yangu sasa yamesimama juu ya nguo.

Alhamisi, 4 Aprili

Trygve kaondoka na helikopta asubuhi. Wiki mbili kwenye mtambo wa mafuta, halafu wiki nne nyumbani. Eira kamwambia, "Baba, uniletee jiwe la chini ya bahari." Kamjibu, "Hapo chini sifiki, mwanangu, labda nikuletee keki ya mpishi."

Saa ya chakula nimekimbilia madukani. Muuzaji binti mdogo, kucha ndefu, kaniuliza natafuta nini. Nikamwambia: gauni. Liingie kwenye mashine ya kufulia. Lisikunjamane. Niweze kupanda nalo baiskeli, kuchuchumaa nalo, kumfunga mtoto ovaroli nalo huku anapiga mateke. Liwe na nafasi ya nguo ya sufu ndani asubuhi, na nisife kwa joto mchana. Lisionyeshe uji. Na mteja akiniona aamini naweza kuuza nyumba ya babu yake.

Binti kanitazama. "Dada, hilo siyo gauni. Hilo ni hema."

Lakini tumelipata! Bluu nzito, karibu jeusi, mikono mirefu inayopandishwa, linashuka chini ya goti. Nimechuchumaa mara tatu mbele ya kioo, mama mmoja akadhani nimepoteza hereni akaanza kunisaidia kutafuta. Kasoro moja tu: halina mifuko. Hata mmoja! Nimeuliza kwa nini. "Mifuko inaharibu umbo," kanijibu. Umbo gani? Mimi nina watoto wawili, umbo lilishaharibika zamani na bado natembea.

Nimelinunua.

Jumatatu, 8 Aprili

Gauni limefaulu! Asubuhi mvua ya mawe, saa tatu jua, saa nne mvua ya kawaida, yaani Bergen yetu ile ile. Ndani sufu, juu yake gauni, juu yake suruali ya mvua, juu yake koti la mvua, chini gambuti. Viatu vya ofisini ndani ya begi. Nikitembea nasikika tangu kona ya pili, shwa shwa shwa. Nikifika kazini nabanduka tabaka moja moja chooni na kutoka binadamu.

Vibeke kaniangalia juu mpaka chini. "Sasa umependeza. Na nashukuru halina mifuko. Mifuko humfanya mwanamke aonekane amebeba viazi."

Asante, bosi. Tatizo ni moja: kila kitu sasa kinakaa kwenye koti la mvua. Simu, funguo, leso, zabibu kavu za Brage. Na koti lenyewe ni la bluu, kama la kila mzazi mjini. Pale chekechea unalivua ili umvalishe mtoto bila kumlowesha, unalitundika, yananing'inia safu nzima, yote pacha. Leo nimeshika la mtu mara mbili.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekutana na Bi Tordis!

Ana miaka themanini na ushee, alikuwa daktari wa meno, anauza nyumba aliyoishi tangu alipoolewa. Nyumba nyeupe ya mbao, juu kabisa Fjellsiden, ngazi mpaka magoti yalie. Magoti yake yamesema basi, anahamia fleti yenye lifti. Vibeke katutuma mimi na Joakim, kila mtu saa yake, Bi Tordis achague dalali. Wote tunajua maana yake. Atakayeichukua nyumba hii ndiye wa mlimani.

Joakim katangulia. Tumepishana kwenye ngazi, suti ya kijivu, mwavuli mrefu, anapiga mluzi. "Kazi kwako, mama," kasema. "Nimeshamwagia maneno ya bahari na machweo."

Mimi nimefika nimelowa. Mlango wa mbele ukagoma, Bi Tordis akapiga kelele kutoka ndani, "Zunguka nyuma!" Nikazunguka. Jamani! Mlango wa nyuma una chumba chake. Sakafu ya mawe yenye tundu la maji, na chini ya mawe kuna nyaya za joto. Bomba lenye mpira wa kuoshea gambuti. Misumari ya makoti kwa urefu wa mtu mzima, na chini yake safu nyingine kwa urefu wa mtoto. Nimesahau salamu. Nimesema kwa sauti, "Mungu wangu, una bomba mlangoni!"

Bi Tordis kasimama pale na fimbo yake, kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema yule kijana amekaa saa nzima akisifu dirisha. "Dirisha! Mimi nimelea watoto wanne hapa. Nilikuwa na muda wa dirisha?"

Nimevua suruali ya mvua, nimevua gambuti. Soksi zangu ni za Trygve, za sufu, kisigino kinaishia kwenye kifundo cha mguu. Kaziangalia, kaangalia gauni. "Hilo gauni ni zuri," kasema. "Unaweka wapi funguo?" Nikamwambia kwenye koti. Katikisa kichwa. Kasema yeye alikuwa na bahati, koti jeupe la daktari lina mifuko minne na linafunika yote. "Miaka mingapi nimeng'oa meno ya watu nikiwa na pajama ndani, na hakuna aliyejua. Wote walikuwa wamefumba macho."

Nimempenda. Lakini sijui kama kumchekesha mtu ni kupata kazi.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumeipata! Nimeipata mimi! Bi Tordis kampigia Vibeke mwenyewe: "Nipe yule wa soksi kubwa." Vibeke kauliza, soksi gani? Nikasema hata mimi sijui.

Joakim kaniletea andazi la mdalasini, kalibandika mezani. "La pole," kasema. "Pole ya nini, si nimeshinda?" "Pole ya zile ngazi."

Jumatano, 17 Aprili

Siku ya leo! Naandika nimekaa kitako bafuni, watoto wamo kwenye maji.

Leo ilikuwa siku ya kupiga picha. Bi Tordis yuko Voss kwa dada yake, ameniachia ufunguo, ule mkubwa wa chuma wa zamani, na hauna pacha. Asubuhi mvua. Nimewapeleka watoto, nimevua koti, nimemvalisha Brage, Brage kavua, nimemvalisha tena, nimechukua koti, nimekimbia. Saa tatu nikiwa ofisini mawingu yakafunguka. Jua! Jua kamili, bahari inang'aa, na utabiri unasema baada ya hapo mvua wiki nzima. Simu leo, kwa bahati, ilikuwa kwenye begi la viatu; mpiga picha kanipigia, "Sasa hivi, saa sita nina harusi."

Nimepanda na baiskeli yangu ya umeme, ile ya sanduku mbele, kwa kichochoro cha mawe kinachozunguka zile ngazi. Nimefika mlangoni, mpiga picha yupo, jua lipo. Nimetia mkono mfukoni. Nimetoa koni la msonobari. Nimetia tena. Chuchu ya mpira ya mtoto, na siyo ya mtoto wangu. Kipande cha mkate na jibini ya kahawia.

Siyo koti langu.

Nimepiga chekechea. Mwalimu kaangalia: koti lililobaki ni la baba mmoja mrefu, nalo halina kitu. Aliyetoka kabla yangu ni Gunnvor, mama yake Torgeir. Gunnvor anafundisha udereva. Akiwa na mwanafunzi anazima simu, ndiyo sheria yake. Nimepiga mara tano. Imezimwa.

Nimekaa kwenye ngazi ya Bi Tordis karibu nilie. Karatasi ya ukutani ya ofisi ya Åsane nimeiona mbele ya macho! Ndipo nikatazama chini. Kutoka pale juu unaona barabara yote ya Sandviken. Na barabarani kuna kigari chenye L nyekundu juu, kinatambaa, nyuma yake msururu wa magari kama mazishi ya waziri.

Nimemwambia mpiga picha, "Usiondoke hata wakija malaika." Nimeteremka. Gauni limefika kiunoni, nguo za sufu za ndani zimeona mji na mji umeziona, sanduku linaruka juu ya mawe. Nimepita gari la kwanza, la pili, la kumi. Katika mojawapo nimeona mdomo wa Joakim umeachama kwenye kioo. Nimefika ubavuni mwa L, nimegonga dirisha kwa kiganja.

Mwanafunzi, mzee wa makamo na sharubu zake, kapiga kelele na kufunga breki katikati ya mzunguko. Kila kitu kikasimama. Honi mpaka bandarini.

Gunnvor kashusha kioo. "Ingelin! Una wazimu?"

"Koti!"

"Koti gani?"

"Ulilolivaa!"

Kajitazama. Katia mkono mfukoni, katoa ufunguo. "Kumbe! Tangu asubuhi najiuliza huu ni wa kanisa gani."

Tumebadilishana makoti palepale, yeye akijipinda chini ya mkanda. Nimemrudishia chuchu na mkate. Yule mzee, mikono bado imeng'ang'ania usukani, kauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimefeli?" Gunnvor kamwambia, "Hapana, mzee wangu. Hiyo breki ilikuwa safi sana."

Jua lilitungoja. Picha zote zimepatikana. Na nimemlazimisha mpiga picha apige chumba cha mlango wa nyuma. Nimetundika pale ovaroli ndogo ya Eira iliyokuwa kwenye sanduku, na gambuti zake chini. Mpiga picha kasema hii ni mara ya kwanza kuombwa apige picha ya bomba.

Ala, Brage anakunywa maji ya kuogea. Basi.

Alhamisi, 18 Aprili

Joakim alinirekodi. Video imo kwenye grupu la ofisi, ameiwekea muziki. Sina hasira, hata mimi nimeitazama mara nne. Nilivyopita lile lori!

Lakini Vibeke kaniita. Kafunga mlango. Kasema wateja wana macho. Kasema picha ya mlango wa nyuma itolewe, watu wa Fjellsiden wananunua bahari. Hapo sijui nini kimeniingia. Nimemwambia haitoki. Nimemwambia iwe ya pili, mara baada ya sura ya nyumba, kwa sababu atakayepanda zile ngazi kila siku na watoto na mvua hii hatanunua bahari, bahari anaiona bure kazini. Atanunua mahali pa kuvulia.

"Ni shauri lako," kasema. "Nyumba ikiuzwa vizuri, Fjellsiden ni yako. Ikikwama, usinilaumu, ni Åsane."

Nimetoka. Nimejifungia jikoni nikala mkate wa Joakim.

Trygve kaja leo jioni! Eira kapata keki. Mimi nimepata bega la kuegemea, nalala saa mbili usiku.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemsimulia Trygve yote. Kacheka mpaka kashuka kwenye kochi. Halafu kalichukua gauni, kaligeuza ndani nje, kalitazama kwenye mwanga jinsi anavyotazama bomba lililovuja.

"Hapa pana nafasi," kasema. "Kwenye mshono wa ubavuni."

Shuleni walimfundisha kushona, kama watoto wote, ila yeye hajasahau. Kule baharini anawashonea wenzake zipu. Kashusha mashine ya mama yake kutoka darini. Kitambaa? Ovaroli ya manjano ya Eira iliyombana, ile isiyopitisha maji. Nilipinga, manjano na bluu! Kasema ni ndani, nani ataona? Na ndani ya mfuko wa mama lazima pafutike kwa kitambaa, tunajua kinachoingia humo.

Mchana kutwa mashine inalia. Eira kakaa chini ya meza akiokota nyuzi. Na sasa nina mifuko miwili, mirefu, mkono unazama mpaka kifundo. Kwa nje huoni kitu! Nimetia simu, ufunguo, zabibu, soksi ya Brage, nikazunguka chumba nikarukaruka. Havikudondoka.

Nimembusu mbele ya watoto. Eira kasema, "Eeew, jamani."

Trygve akiwa kabatini kakuta na vazi langu la taifa, la Mei 17, sikukuu ya taifa. Nimelijaribu. Limesinyaa tena mwaka huu. Vazi hilo lina tabia ya kusinyaa kila likikaa kabatini. "Nalo nilipanue?" kauliza. Nimemwambia kila jambo na siku yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Tangazo liko hewani tangu Jumatatu. Simu chache. Chache sana. Joakim ana nyumba kule chini, simu yake hailali.

Naogopa. Naiandika hapa kwa kuwa kwingine siisemi. Jioni nimewatazama watoto wakila samaki, nikapiga hesabu ya handaki, foleni, saa kumi na nusu. Hesabu haikubali.

Bi Tordis kanipigia kuuliza habari. Nimemdanganya kidogo, nikasema mambo yanakwenda. Kasema, "Binti yangu, nimeng'oa meno miaka arobaini. Mtu akisema haumii najua anaumia." Halafu kaniambia nisiiondoe ile picha.

Jumapili, 28 Aprili

Siku ya kuonyesha nyumba. Mvua! Mvua ya kubwaga, ya kuingia masikioni.

Bahari haikuonekana kabisa. Dirisha maarufu lilionyesha ukungu mtupu, kana kwamba mtu kapaka dirisha zima mtindi. Nikasema basi, nimekwisha.

Halafu wakaanza kuja. Wamelowa chapachapa, wana watoto migongoni. Wote nimewazungusha nyuma. Wanavua, maji yanatiririka kwenye tundu, sakafu ya moto inakausha, watoto wanatundika wenyewe kwenye misumari yao midogo. Nimesikia mama mmoja akimnong'oneza mumewe, "Tazama. Tazama bomba." Mume, "Nimeliona." Mke, "Hapana, hujaliona. Litazame!" Wana watoto watatu, gambuti sita ndogo wamezipanga ukutani kana kwamba wameshahamia.

Wengine wametoka Oslo, mke na mume, makoti ya gharama. Wamesimama dirishani wakiuliza kama ukungu huondoka. Nimewaambia ukweli: huondoka, na hurudi.

Na gauni! Nimechuchumaa, nimefunga kamba za watu, nimepanda ngazi mara sitini, ufunguo mfukoni, simu mfukoni. Mtoto mmoja kaniegemea na mdomo uliopakaa keki ya waffle. Nimefuta kwa kitambaa, kwisha habari. Nilikuwa na soksi zangu mwenyewe leo, nzima, zinazofanana. Bi Tordis akiziona atasikitika.

Kesho saa sita mchana madau yanaanza, kila mnunuzi na bei yake. Siwezi kulala. Isitoshe Eira ametapika saa mbili usiku, kitandani kwetu, upande wangu.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika kwenye benchi la chekechea, chumba cha makoti. Benchi la watoto, magoti yangu yamefika masikioni. Nikikaa bure nitatafuna kucha, bora niandike.

Ilivyokuwa: Trygve kaamka kijani. Yeye na Eira wanagombea choo nyumbani. Brage mzima, anaruka kitandani kama mbuzi, nikamleta hapa. Saa tano na nusu nikiwa ofisini, nimejipanga, nimechana nywele, chekechea ikapiga: Brage naye. Njoo umchukue, mgonjwa hakai na wengine.

Nimemwambia Vibeke. Kaangalia saa tu. Nimekimbia.

Nimefika, nimemfuta Brage, katapika mara moja zaidi, juu yangu, gauni limepokea kimyakimya. Nimefuta. Nilikuwa namvalisha koti tuondoke – simu! Mfukoni! Dau la kwanza, watu wa Oslo. Siwezi kuendesha baiskeli na kuuza nyumba kwa mkono mmoja, mtoto mgonjwa sandukuni. Nimekaa hapa hapa. Brage kalala kifuani, moto kama kaa.

Nimempigia Bi Tordis. Kasema dau hilo ni dogo, ni la kumtisha mtoto. "Ngoja. Kwanza namalizia kahawa."

Saa sita na robo: wale wa gambuti sita. Wamewapita Oslo.

Na dakika mbili baadaye: Oslo tena. Mruko mkubwa huo! Wamempa Bi Tordis nusu saa ajibu. Nimewatumia ujumbe wale wa gambuti. Kimya.

Kimya bado. Brage anakoroma.

Vibeke kapiga. "Uko wapi?" Nikasema bado chekechea. "Usiondoke. Nakuja." Kakata.

Anakuja kuchukua simu. Najua. Atampa Joakim amalizie, nami nitaambiwa pole, mama, nenda nyumbani. Na atakuwa na haki, nani anauza nyumba ya mlimani akinuka matapishi? Naumia. Nilikuwa nimekaribia hivi!

Kaja. Yuko mlangoni, koti la krimu, ko ko ko. Mwalimu wa zamu kamsimamisha kwenye mstari mwekundu: viatu. Hapa hakuna bosi wala waziri, mstari ni mstari. Vibeke kauliza ile mifuko ya plastiki ya kuvalia viatuni. Kikapu kitupu. Mwalimu kakunja mikono.

Naandika kwa kichwa kilichoinama, ili aone nahesabu madau.

Kavua.

Mguu wa kulia: soksi nyeusi ya kawaida. Wa kushoto: soksi ya kuchezea mpira, rangi ya machungwa, ya mwanamume mzima, imepanda mpaka goti na namba tisa ubavuni. Chini ya ile suruali yenye mkunjo! Na kidole gumba kinachungulia nje.

Tumetazamana.

"Usiseme neno," kasema.

"Sijasema."

"Nina vijana watatu nyumbani. Mashine imekula zangu zote."

"Sijasema kitu, bosi."

Kaja mpaka kwenye benchi, kakaa, magoti yake nayo masikioni. Kanyoosha mikono. Nimeshika simu tayari kumpa. Kumbe hakutaka simu. "Nipe mtoto," kasema. "Wewe jibu watu."

Kamchukua Brage, kamlaza begani, juu ya blauzi ya hariri, anampigapiga mgongoni bila hata kutazama, mkono unajua wenyewe. Kauona mfuko wangu, ukingo wa manjano umetokeza. Kauvuta kwa kidole.

"Nani kakushonea?"

"Mume wangu."

"Anapokea oda?"

Nimeshindwa kujizuia, nimecheka. Naye amecheka! Na bado hatujala mchana.

Zimebaki dakika tisa za Oslo. Bi Tordis amepiga kusema kahawa imekwisha na yeye yuko tayari kwa lolote. Brage kageuza uso, anahema vibaya, nimempa Vibeke leso, kaikataa. "Blauzi hii inafuliwa kwenye mashine," kanong'ona. "Usimwambie Joakim."

Ananitazama. Anasema, "Ingelin. Kuhusu Åsane –"

Simu. Mfukoni, mpaka pajani inatetemeka. Ni wale wa gambuti, wamewapita Oslo tena! Vibeke anamalizia, "– Åsane ataenda Joakim. Jibu simu."